Shaba Huchagua Mlango

Mpwa wangu yuko mwaka wa nne wa kemia chuoni, na kila akija Lamu likizoni swali ni lilelile kwenye kila baraza: "Huko wasoma nini hasa?" Akijibu "kemia" watu huridhika, wanadhani ni mambo ya dawa. Mara ya mwisho akaamua kujibu kwa ukamilifu: "Natengeneza vichocheo vya metali vya kutoa haidrojeni kwenye alkoholi." Baraza likanyamaza. Kisha mzee mmoja akaweka kikombe chake cha kahawa chini na kusema, "Alkoholi tena!" Jioni nzima ikaishia huko, na ile kemia hakuna aliyeigusa.

Mimi nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, nikadhani naweza kumsaidia kuwaeleza wazee. Niliposoma pendekezo lake la utafiti nikagundua kwamba mwenye kuhitaji maelezo kwanza ni mimi. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Tuanze na molekuli yenyewe. Ethanoli, ile alkoholi iliyomo kwenye spiriti, ina atomi mbili za kaboni, sita za haidrojeni na moja ya oksijeni. Ukizitoa haidrojeni mbili, moja iliyoshikana na oksijeni na nyingine kwenye kaboni iliyo jirani yake, kinachobaki kinaitwa asetaldehaidi, na zile mbili zikikutana zinakuwa gesi ya haidrojeni. Mmenyuko ndio huo. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Ugumu wake hauonekani kwenye karatasi.

Niliuona kwa sonara. Mtaani kwetu kuna fundi wa fedha mwenye kibomba cha gesi na koleo za kila umbo. Mpwa wangu alimwomba kipande cha waya wa shaba, akakizungusha kwenye kalamu mpaka kikawa kama springi, kisha akakishika kwa koleo na kukipasha hadi kikawa chekundu. Alipokitoa motoni kikageuka cheusi. Weusi huo sonara anaujua tangu utotoni; ni shaba iliyoshikana na oksijeni ya hewa, na yeye huuondoa kwa ndimu na kusugua. Mpwa wangu hakusugua. Alizima moto, akavuta gilasi iliyokuwa kando na sahani ya kuifunika, ndani yake mna spiriti ya zambarau kimo cha kidole kimoja, akauning'iniza waya ungali moto juu ya spiriti bila kuigusa. Weusi ukaanza kutoweka. Ulianzia ncha ya chini, ukapanda mzunguko kwa mzunguko, na nyuma yake ikabaki shaba ya waridi, safi kuliko ilivyotoka dukani. Ikaja harufu kali ya kuchoma pua, na ndani yake kitu kama tunda lililoanza kuchacha. (Msijaribu jikoni. Mvuke wa spiriti hurukia moto, na mvuke wa asetaldehaidi si wa kuvuta.)

"Imejisafisha," sonara akasema.

"Haikujisafisha, ami. Spiriti ndiyo imeichukua ile oksijeni."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila molekuli ya ethanoli iliyogusa ule weusi iliacha haidrojeni zake mbili, oksijeni ya waya ikazichukua zikawa maji, na ile harufu ni asetaldehaidi iliyobaki. Lakini hapa ndipo pana fundo la kwanza, na nimeona hata vitabu vikilipita haraka. Haidrojeni imetolewa, kweli, ila haikupatikana. Imeishia kwenye maji. Ukitaka haidrojeni yenyewe, gesi ya kutumia, basi oksijeni isiwepo kabisa. Shaba iwe tupu, bila weusi, na kazi yake iwe kuzishika zile atomi kwa muda na kuziachia zikiwa jozi. Huo ndio mmenyuko anaousoma mpwa wangu, nao ni mgumu zaidi kwa sababu hakuna wa kuipokea haidrojeni mlangoni.

Njia ile ya kwanza, ya kuwa na mpokeaji, tunaishi nayo. Tembo la mnazi likiachwa wazi siku kadhaa hugeuka siki. Bakteria waliomo huitoa ethanoli haidrojeni, inakuwa asetaldehaidi, kisha wanaendelea hadi asidi ya siki, na oksijeni ya hewa ndiyo inayopokea mzigo mwishoni. Ndiyo sababu mtungi wa siki hauzibwi mdomo kabisa. Ini la binadamu nalo lina kimeng'enya cha kazi hiyohiyo, na katikati yake imekaa atomi ya zinki, kwa hiyo hata mwilini kuna metali inayosaidia kutoa haidrojeni. Kimeng'enya hicho kina udhaifu mmoja: hakibagui vya kutosha. Mtu akinywa pombe haramu yenye methanoli, hicho hicho huitoa methanoli haidrojeni ikawa fomaldehaidi, na baadaye asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya macho. Mojawapo ya tiba za hospitali ni kukishughulisha kimeng'enya kwa kitu kingine ili methanoli itoke mwilini kabla ya kuguswa.

Neno hilo, kubagua, ndilo nililolikosa miaka yote darasani. Nimeandika ubaoni mara zisizo na hesabu: kichocheo huongeza kasi ya mmenyuko bila chenyewe kutumika. Wanafunzi wakakariri, mtihani ukapita. Sentensi si ya uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowakesha watafiti.

Chukua ethanoli ileile na uipitishe juu ya unga wa alumina, yaani oksaidi ya alumini, bila shaba, kwenye joto la nyuzi 350 hivi. Haitoi haidrojeni. Inatoa maji. Kinachobaki ni etheni, gesi ileile inayoziivisha ndizi tunazozivundika. Ipitishe juu ya shaba kwenye nyuzi 250, itatoa haidrojeni na kubaki asetaldehaidi. Ipitishe juu ya nikeli, mambo yanaharibika: nikeli haikomi kwenye haidrojeni, inavunja hata kiungo cha kaboni kwa kaboni, unajikuta na methani na kaboni monoksaidi. Molekuli moja, milango mitatu, na anayeshika ufunguo ni kichocheo. Kasi bila uteuzi ni hasara tu. Unatengeneza haraka kitu usichokitaka.

Upande wa pili wa nusu hiyo ni jambo ambalo kichocheo hakiwezi. Wengi wanaosoma habari za vichocheo hudhani vinaleta nguvu. Havileti. Kuitoa haidrojeni kwenye ethanoli kunameza joto, karibu kilojuli 68 kwa kila gramu 46 za ethanoli, na deni hilo lazima lilipwe na tanuri. Isitoshe, barabara ni ya pande mbili: asetaldehaidi na haidrojeni zikikaa pamoja hurudiana kuwa ethanoli. Ukipiga hesabu kwa ethanoli tupu kwenye kanieneo ya kawaida, nyuzi 250 hukuruhusu kugeuza takribani theluthi yake tu, hata ukiwa na kichocheo bora duniani. Kupandisha joto kunasogeza kikomo, na kuizimua ethanoli kwa gesi nyingine pia kunasaidia. Hiyo ni kanuni ya Henry Le Chatelier, Mfaransa, ya mwaka 1884. Kwa mtu wa Lamu ningeieleza hivi: ukichimba mfereji mpana katikati ya mikoko, maji yatafika kidimbwini upesi, lakini hayatapanda kupita kimo cha bamvua. Kichocheo ni mfereji. Bamvua haliamriwi na mchimbaji.

Kwa kuwa barabara ni ya pande mbili, metali zinazotoa haidrojeni ndizo pia zinazoitia. Mafuta mgando ya kopo yalizaliwa hivyo: Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza mwanzoni mwa karne ya 20 ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyatia haidrojeni juu ya nikeli. Msingi wake uliwekwa na Paul Sabatier wa Toulouse, aliyeonyesha kwamba metali zilizosagwa laini sana zinaweza kazi hiyo, akapewa Nobeli ya kemia mwaka 1912 pamoja na Victor Grignard. Sabatier huyohuyo, na mwenzake Senderens, ndio walioipitisha alkoholi juu ya shaba ya moto na kuona haidrojeni ikitoka. Kwa hiyo mpwa wangu anafanya jambo lenye zaidi ya miaka mia moja. Nilipomwambia hivyo hakupenda.

"Mjomba, kujua kwamba mlango upo si sawa na kujua kwa nini unakwama."

Basi na tuusogelee mlango. Molekuli ya ethanoli ikitua juu ya shaba, inaegemea kwa upande wa oksijeni. Kiungo cha oksijeni na haidrojeni kinakatika kwanza, haidrojeni ile inabaki juu ya shaba. Kisha inakatika haidrojeni ya kaboni iliyo karibu. Hapa ndipo pagumu, hatua hii ndiyo inayochelewesha zote. Ikishakatika, kilichobaki ni asetaldehaidi, na shaba inaishika kwa ulegevu, kwa hiyo inaondoka kabla haijaharibiwa. Haidrojeni mbili zinatangatanga juu ya metali mpaka zikutane, zinaungana, zinapaa.

Siri yote iko kwenye neno "ulegevu". Ni kama kamba ya mashua gatini. Ikifungwa fundo lisilofunguka, mashua itaziba gati na nyingine hazitapata nafasi. Isipofungwa, mkondo utaichukua kabla haijapakua. Sabatier aliligusa wazo hilo na hadi leo linaitwa kanuni ya Sabatier: kichocheo kizuri kinashika kwa kiasi. Nikeli na platini zinashika kaboni kwa nguvu mno kwa kazi hii. Fedha na dhahabu, zikiwa tupu bila oksijeni, hazishiki vya kutosha. Shaba iko katikati, na tena ni rahisi kuipata. Sonara alipoambiwa kwamba katika jambo hili shaba inaishinda dhahabu, alitikisa kichwa kama mtu aliyetukaniwa mteja.

Ila waya haufai maabara. Kazi inafanyika juu tu, kwenye ngozi ya metali, na waya una ngozi ndogo. Hesabu yake inashangaza. Kipande cha mchemraba cha sentimita moja kila upande kina eneo la sentimita za mraba 6. Kikate hadi kiwe vimchemraba vya nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), bila kuongeza hata chembe ya shaba, na eneo linakuwa mita za mraba 600, kubwa kuliko uwanja wa mpira wa kikapu. Tatizo ni kwamba vipande vidogo hivyo havipendi kukaa peke yake. Inabidi vitawanywe juu ya kitu kingine chenye vinyweleo vingi, kibebeo.

Na kibebeo nacho kina tabia zake. Alumina hutumika sana, lakini ina asidi kwenye ngozi yake, na asidi hiyo ndiyo inayofungua ule mlango wa maji. Unaweka shaba ili itoe haidrojeni, kumbe kiti ulichoikalishia kinatoa maji kimyakimya na kukuharibia hesabu. Silika, ile ya mchanga, ni tulivu zaidi. Mpwa wangu alitaka kitu cha tatu cha kulinganisha, akakumbuka vifuu. Kifuu cha nazi kikichomwa bila hewa kikawa mkaa, kisha mkaa huo ukatobolewa kwa mvuke wa maji au kwa kemikali kwenye joto kali, gramu moja yake inaweza kuwa na eneo la zaidi ya mita za mraba 1,000, na haina asidi nyingi kama alumina. Si uvumbuzi wake. Mkaa wa vifuu unajulikana duniani kote kwenye vichujio vya maji. Lakini vifuu vyake vilitoka jikoni kwa mama yake, mfuko mzima, na makondakta wa basi waliuliza maswali.

Utengenezaji ni kazi ya subira. Nitrati ya shaba, chumvi ya buluu, inayeyushwa majini na kumwagiwa unga wa kibebeo mpaka ulowe. Unakaushwa usiku kucha kwenye nyuzi 110. Kisha unapashwa hadi nyuzi 400 au zaidi ili nitrati ivunjike ibaki oksaidi ya shaba, ule weusi wa waya. Mwisho unapitishiwa haidrojeni iliyochanganywa na gesi tulivu, kwenye nyuzi 250 hadi 300, ili weusi uondoke ibaki metali.

Hapo ndipo alipoteleza. Alifuata maelekezo ya alumina na silika neno kwa neno, akaweka vibakuli vyote vitatu kwenye tanuri lenye hewa, akaenda kulala. Asubuhi cha alumina kilikuwa salama, cha silika salama, cha vifuu karibu kitupu: vumbi jeusi kidogo na majivu. Mkaa ni mkaa. Umepashwa nyuzi 400 penye hewa, juu yake kuna nitrati inayotoa oksijeni na shaba inayochochea hata kuungua kwenyewe; ungefanya nini kingine? Wiki mbili za kazi zikawa ukoko wa chungu. Mara ya pili alipasha ndani ya naitrojeni. Namsifu kwa jambo moja: aliiandika ajali ile kwenye daftari la maabara kwa wino, na uzito wa majivu juu.

Baada ya hapo kinakuja kipimo. Gramu 0.2 ya unga inakaa ndani ya bomba la kwatzi la unene wa penseli, imebanwa kwa sufi ya kwatzi pande zote mbili, na naitrojeni inabeba mvuke wa ethanoli kupitia humo. Kinachotoka kinaingia kwenye mashine ya kromatografi, ambayo inatenganisha gesi na kuonyesha kila moja kama kilima kwenye grafu. Mashine ya chuo chake ilikaa wiki kadhaa kimya kwa kukosa gesi, na hilo pia ni sehemu ya kemia yetu.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme zimeingia molekuli 100 za ethanoli, 30 zimegeuka, na kati ya hizo 27 ni asetaldehaidi. Ubadilikaji ni asilimia 30, uteuzi ni asilimia 90. Hapa msomaji awe macho. Kichocheo kinachogeuza molekuli 5 tu kati ya 100 ni rahisi kuonyesha uteuzi wa karibu asilimia 100, kwa sababu asetaldehaidi ni chache na haipati nafasi ya kurukia mambo mengine. Ikizidi, inaanza kuungana yenyewe kwa yenyewe, au inashirikiana na ethanoli kuwa ethili asetati, ile yenye harufu ya kiondoa rangi ya kucha. Kwa hiyo uteuzi wa vichocheo viwili unalinganishwa kwenye ubadilikaji uleule, la sivyo ni sawa na kumsifu nahodha asiyewahi kutoka bandarini. Na pawe na kipimo cha bomba tupu, na cha kibebeo bila shaba. Kazi isiyo na vipimo hivyo mimi siisomi hadi mwisho.

Kisha kichocheo huanza kufa. Ile sentensi yangu ya ubaoni, "bila chenyewe kutumika", hapa inaanguka. Kifo cha kwanza ni ukoko: mabaki ya kaboni yanaganda juu ya metali kama wali ulioungua, mpaka hakuna ngozi iliyobaki. Cha pili ni kuungana. Tazama matone ya samli juu ya mchuzi wa moto. Madogo yanakutana, yanakuwa makubwa, eneo linapungua. Chembe za shaba hufanya vivyo hivyo, na hazisubiri kuyeyuka. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, lakini atomi zake huanza kuhama kwa wingi karibu nusu ya hapo ukihesabu kwa kelvini, kipimo kinachoanza nyuzi 273 chini ya sifuri, yaani kama nyuzi 400 zetu za kawaida. Ndiyo maana watu wa shaba huogopa kupita 300.

Viwanda vikubwa havina anasa hiyo. Kuigeuza propani kuwa propeni, mali ghafi ya plastiki ya magunia meupe na ya kamba za rangi za mashua zetu, kunahitaji nyuzi 550 hadi 650. Huko shaba haina lake. Hutumika platini iliyochanganywa na bati, au oksaidi ya kromiamu. Bati linaipunguza platini ukali, linazitenganisha atomi zake ili zisivunje kaboni ovyo. Hata hivyo ukoko unakuja, na unachomwa kwa hewa, kisha kazi inaanza upya.

Kuna pia wanaoutaka mmenyuko wa namna hii kwa ajili ya kuisafirisha haidrojeni. Gesi hii ni taabu kusafirisha. Kuifanya kimiminika kunataka baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Njia mojawapo ni kuipakia kwenye toluini, kimiminika cha kuyeyushia rangi, ikawa methilisaikloheksani, kimiminika cha kawaida kinachobeba karibu kilo 6 za haidrojeni kwa kila kilo 100, kuisafirisha kwa meli, na kuipakua kwa platini ng'ambo. Toluini inarudi ikiwa tupu, kama jahazi. Mwaka 2020 Wajapani waliionyesha kwa kuileta haidrojeni Kawasaki kutoka Brunei.

Hayo niliyasimulia barazani nikiona nimefika. Sonara, aliyekuwa akisikiliza huku akipiga bangili, akamgeukia mpwa wangu.

"Na wewe, haidrojeni yako waiweka wapi?"

"Siiweki, ami. Ni kidogo mno. Ikishapimwa inatoka na naitrojeni kwa bomba, dirishani."

Sonara akaacha nyundo. "Miezi yote hiyo, mwaitoa, kisha mwaitupa nje?"

"Tunaihesabu kwanza," akasema.